Masikio ya Kichanga

Maiti ya Lorraine Whitcomb, mkurugenzi wa wakala wa kuasili watoto mjini Macon, ililala chali ofisini, kisogo kimepasuka kwenye pembe ya kabati la mafaili. Hilo halikumtisha Inspekta Odessa Pruitt. Kilichomtisha ni kitanda cha kichanga pembeni. Kilikuwa kitupu.

"Ana siku ngapi?"

"Tatu," alijibu Verna, karani. "Alinyonya chupa saa kumi na mbili asubuhi."

Sasa ilikuwa saa tano. Odessa alifungua faili la mtoto. Penye rangi, neno "mweusi" lilikuwa limekatwa, pakaandikwa "mweupe". Ada ilipanda kutoka dola elfu kumi na nane hadi thelathini na tisa.

"Nani kabadilisha?"

"Bosi, jana. Mtoto katoka mweupe pe. Akasema huyu si wa bei ile ya weusi."

"Nawe ukanyamaza?"

"Nina kodi ya nyumba, Inspekta."

Odessa aliitazama picha ya mtoto. Nyanya yake hakuwahi kuhangaika na sura ya kichanga. Alikunja sikio tu, akakwambia rangi itakayokuja. Ncha za masikio haya zilikuwa kahawia iliyokolea. Lorraine, Mzungu wa watu, hakuwa na nyanya wa kumfundisha.

"Aliahidiwa nani kwanza?"

"Delphine Battle na mumewe Royce. Weusi. Walishalipa."

Mlango wa akina Battle ulikuwa wazi. Delphine alikaa sakafuni jikoni, kichanga kifuani, kimya mno.

"Yu hai?" Odessa aliuliza.

"Kashiba, kalala."

Odessa aliegemea ukuta.

"Nilimfuata mwanangu," alisema Delphine. "Lorraine ananiambia niongeze elfu ishirini na moja, la sivyo kuna Wazungu Atlanta wanamtaka. Nikamwambia, mama, tazama masikio, huyu atakuwa mweusi kama mimi. Akacheka. Eti akigeuka, watakuwa wameshalipa! Nikamsukuma. Mara moja tu, dada."

"Nipe mtoto, Delphine."

Alimtoa polepole, akanyoosha mikono kwa pingu.

"Wale wa Atlanta hawatamtaka tena mtoto aliyeleta kifo," alinong'ona. "Bei itashuka, irudi ile tuliyolipa. Mwambie Royce awahi kumchukua."

Odessa alimpakata mtoto, akaogopa kuliko alivyoogopa asubuhi, maana mwanamke yule alikuwa akisema kweli.