Kifuniko cha Sanduku la Barafu

Kila Jumamosi Nabeel aliosha masanduku ya barafu ya baba yake, Mzee Badruddin, muuza samaki karibu na barabara ya Ndia Kuu, mji wa kale. Yalikuwa meupe, mepesi, hata mtoto huyabeba kwa mkono mmoja. Siku hiyo rafiki yake Dancan alikuja kumsaidia.

“Kifuniko hiki chaelea. Twende tukakipande,” Dancan akasema.

“Baba ataniua.”

“Wewe baba yako akikohoa tu wajificha.”

Nabeel akakichukua kimyakimya. Walishuka ngazi za pwani hadi kwenye mkono wa bahari, maji yakipwa, yakitoka kwenda bahari kuu. Dancan, ambaye hakujua kuogelea, alikilalia akicheka, na kabla hajamaliza kicheko alikuwa mbali. Sisi wazazi twawakataza kila siku, lakini nani asikiaye?

Nabeel akakimbia kuita watu. Afisa wa uokoaji, Bi Rispah, alifika upesi.

“Mwanangu, rafiki yako alikuwa akiogelea, au alishika kitu?”

Nabeel akamtazama baba yake, aliyesimama papo hapo.

“Akiogelea tu.”

“Fikiri vizuri. Mtu aliye majini huchukuliwa na mkondo, na leo mkondo waenda baharini. Aliye juu ya kitu chepesi husukumwa na upepo, na upepo waenda ng'ambo. Nikikosea hapo, nampoteza.”

“Hakushika kitu.”

Bi Rispah akapiga hesabu, boti zikaelekea baharini. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Nekesa, mama yake Dancan, akaja akaketi kwenye ngazi, amepakata viatu vya mwanawe.

“Nabeel, wewe ndiwe mwenzake,” alisema. “Niambie kama nimngoje au nikachimbe kaburi.”

Hapo ndipo Nabeel akakitaja kifuniko.

Boti ziligeuzwa. Dancan alipatikana ng'ambo, mawimbi yakimbamiza kwenye miamba. Alikuwa hai, ila mguu wa kushoto ulikuwa umesagika. Hospitalini wakaukata.

Nabeel alipokwenda kumjulia hali, Dancan aliutazama ukuta.

“Boti niliziona,” alisema. “Niliita mpaka sauti ikaisha. Zilikuwa zimenipa mgongo.”

Nje ya wodi, Mzee Badruddin hakumpiga mwanawe.

“Kifuniko kile kilikuwa na ufa,” alisema. “Nilitaka kukitupa.”

Nabeel akalia. Bi Rispah, aliyekuwa amekuja kumwona mgonjwa, akamshika bega.

“Lia, lakini ulikumbuke hili. Uliponidanganya, nilimtafuta mtoto ambaye hayuko, na aliyekuwako akatuona tukienda. Ukiulizwa, sema lote, hata la kukupigisha. Kipigo hupoa. Mguu haurudi.”