Mwonjaji Namba Saba

Siku ya kugawa nafasi za mafunzo kwa vitendo, ukumbi wa kitivo hugeuka mnada. Mwaka ule walikuwapo wanafunzi arobaini na sita wa sayansi ya chakula, viwanda kumi na kimoja, na mratibu mmoja aliyepanda juu ya kiti akiita majina kwa sauti iliyokwisha kukwaruza. Katikati ya zogo hilo akaingia mwanamke mwenye gauni la buluu lililomkaa vizuri, kilemba cha njano, na barua mkononi.

"Wewe! Umechelewa," mratibu alimnyooshea kalamu. "Mstari ule pale. Mwisho kabisa."

Mwanamke alikwenda kusimama mwisho wa mstari. Alisogea hatua kwa hatua hadi akafika mezani.

"Namba ya usajili?"

"Sina."

"Huna namba ya usajili, na unataka nafasi?"

"Nafasi ninazo mimi, bwana. Mimi ni mkuu wa ubora kule kiwanda cha maziwa. Tuliomba wanafunzi wawili, mmetuandikia sita. Nimekuja kuuliza, hao wanne wa ziada tuwaweke kwenye jokofu?"

Mstari mzima uliangua kicheko. Mratibu, mwanaume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mbele na kusahaulika mgongoni, alishika kichwa.

"Dada, nisamehe. Nimekusimamisha nusu saa nzima!"

"Dakika thelathini na tano. Nilitaka kuona watoto wa watu mnavyowatendea."

Mratibu alimvutia kiti, akamwelezea shida zake bila kuzipaka rangi. Wanafunzi ni wengi kuliko viwanda. Mwaka uliopita mmoja alifagia stoo miezi sita, na mwingine alirudi bingwa wa kuchemsha chai ya wakubwa. "Nikienda kuwakagua, naonyeshwa ufagio. Kwako sijawahi kufika, wanafanya nini?"

"Kwangu wanaonja," alisema. "Kila asubuhi, kila tangi. Kila mmoja na kijiko chake."

Mratibu alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa kisima jangwani. Mwanamke akaondoka na wanafunzi wote sita, na namba ya simu ambayo hakuiomba.

Sasa tuseme jambo ambalo mratibu hakulijua. Miaka miwili nyuma mwanamke huyu aliugua homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Ulimi ulibaki: uchachu, utamu na chumvi aliviona. Lakini harufu hakuna, iwe ya waridi au ya kitu kilichooza. Kazi yake ilikuwa kuonja na kunusa kila tangi la mtindi, kisha kutia sahihi. Wiki ya kwanza alisubiri pua irudi. Wiki ya pili wakaja wanafunzi wa mafunzo. Akawapa vijiko. "Onja, uniambie unachokipata. Usinitazame mimi, tazama kijiko." Walisema, alilinganisha maneno yao na kipimo cha asidi, akatia sahihi. Maziwa mabaya hayakutoka hata siku moja. Ila kila sahihi ilisema amenusa, na hakuwa amenusa. Wanafunzi wakamwita Bi Kijiko, wakamsifu kwa wenzao kwamba hakuna kiwanda kinachofundisha kama kile. Kila sifa ilimchoma, na yeye akatabasamu.

Mratibu alianza kupiga simu saa za chakula cha mchana.

"Bi Kijiko, umekula?"

"We Mwalimu Fomu, hiyo ni ripoti ya wanafunzi au ya tumbo langu?"

"Nina safu ya maoni mengine. Naijaza."

Jumamosi walikaa kwenye mkahawa wa kona, meza ya dirishani. Yeye gauni la maua madogo, mwenzake shati lililopigwa pasi pande zote mbili, jambo lililohitaji pongezi na akalipongeza. Siku moja mratibu alimsogelea, akauliza, "Umeyasikia manukato yangu mapya?"

"Mazuri sana. Yamekupendeza."

"Sijapaka kitu! Nilikuwa nakuchokoza." Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Unanipenda mpaka unasikia harufu isiyokuwapo."

Alicheka naye. Moyoni alijiona mwizi aliyepewa funguo za duka.

Mwezi wa tatu wa mapenzi yao, mratibu aliomba msaada. Msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso, alikuwa na utafiti wa kutia mtindi harufu ya maganda ya machungwa yanayotupwa. Alihitaji waonjaji kumi na wawili. Kila mwonjaji huketi peke yake kibandani, akaletewa vikombe vitatu kupitia kidirisha: viwili sawa, kimoja tofauti. Mwonjaji asema kipi kimetengwa na wenzake.

"Wanafunzi wenzake wanatoroka, wahadhiri hawana muda," mratibu alisema. "Nimepata kumi na mmoja. Mpenzi, wewe ndiye mwonjaji hasa. Usiponisaidia wewe, nimwendee nani?"

Alipaswa kusema pale pale. Akasema, "Haya."

Vibanda vilikuwa saba tu, waonjaji wakaingia kwa zamu mbili; wiki sita aliketi kwenye cha mwisho, namba saba, vikombe vitatu mbele yake, vyote kimya kama maji. Alichagua kwa kubahatisha, akaandika, akarudisha kadi.

Simu ilikuja saa saba mchana.

"Bi Kijiko, umekula?"

"Nakula. Na wewe?"

"Mimi nakula takwimu. Ngoja nikuchekeshe. Yuko mwonjaji mmoja, namba saba. Ukifumba macho ukadonoa tu, utapatia mara moja katika tatu, si ndiyo? Huyu katika seti thelathini na sita amepatia kumi na mbili kamili! Hata mbuzi angezipata hizo."

Alirudisha tonge sahanini. "Pengine ana mafua."

"Ya wiki sita?"

"Basi si umtoe?"

"Siwezi, mama. Nikimtoa kwa kuwa amekosea, nimepika matokeo. Lazima iwepo sababu ya kweli, iandikwe, isainiwe. Na akibaki, jibu la msichana linaporomoka. Ataanza upya, na mahafali ya mwaka huu yatampita." Sauti yake ikashuka. "Majina na namba zao yamo kwenye bahasha iliyofungwa. Kesho naifungua."

Kesho yake mratibu alikuja kiwandani mwenyewe. Hakuketi.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Mbele yake palikuwa na njia mbili, na aliona ni heri aonekane mwenye dharau kuliko mwenye kasoro. "Nilikuwa na kazi nyingi. Nilidonoa tu. Ni kazi ya mwanafunzi, si dawa ya moyo."

"Sema unatania."

"Sitanii."

Mratibu aligeukia mlango. "Na mimi kila mkutano nakutaja wewe. Nasema yupo mmoja anayewaheshimu hawa watoto." Akatoka, akafunga mlango polepole. Angeubamiza, ingekuwa nafuu.

Simu ya mchana ikanyamaza wiki mbili. Nyumbani, mama yake alikuwa akichambua mboga, akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Simu yako imekuwa bubu?"

"Ana shughuli, mama."

"Mh. Na ule ugonjwa wako umemwambia?"

"Mama, tafadhali."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Na mimi wajukuu nawataka." Akarudi kwenye mboga zake. "Halafu toa lile taulo jikoni. Limeanza kuungua tangu uingie."

Siku tatu baada ya maneno hayo ya mama, msichana wa miwani alikuja kiwandani, begi kifuani kama ngao. Alikuwa amefanya mafunzo pale mwaka uliopita, na mlango wa ofisi aliujua.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Keti."

"Sikai sana. Mwalimu amesema mwonjaji namba saba matokeo yake hayakukaa sawa. Hakumtaja. Madam, nadhani ni mimi." Machozi yalimlengalenga nyuma ya vioo vya miwani. "Kibanda cha saba ni cha mwisho. Nikifika pale nilikuwa nimechoka. Nadhani nilikuwa nachanganya vikombe. Nimeandika barua kwa kamati, nimekiri. Nilitaka uisome kwanza. Wewe ndiye ulinifundisha, mtu aandike alichokipata, si alichokitaka."

Bi Kijiko aliipokea. Ilikuwa nusu ukurasa, herufi za mviringo, hakuna hata neno la kujitetea. Aliisoma mara mbili, na mara ya pili hakuimaliza, kwa sababu uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Hukuchanganya kitu," alisema.

"Unajuaje, Madam?"

"Namba saba ni mimi." Akaiweka barua mezani, chini ya kiganja chake. "Na sina pua. Miaka miwili sasa. Ulipokuwa hapa ukionja, ukaniambia tangi la nne lina harufu ya chuma, mimi sikujua. Wewe ndiye ulijua. Nilitikisa kichwa tu."

Msichana alikaa. Akaliweka begi sakafuni.

"Nililia wiki mbili," alisema hatimaye, bila hasira, kama anayesoma kipimo. Hilo ndilo lililomtoa Bi Kijiko machozi, kwa maana angeweza kustahimili matusi.

Aliandika barua yake pale pale, msichana akiwa ameketi mbele yake: jina lake, namba saba, tangu lini, na kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Akatia sahihi. Kati ya sahihi zake za miaka miwili, hiyo pekee hakuionea haya.

Mratibu alikuwa maabara, mikono ya shati imekunjwa, akipanga vikombe. Alimwona, akaendelea kupanga.

"Nimekuletea sababu ya kweli," alisema. "Imeandikwa na imesainiwa."

Mratibu aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa, akaanza tena toka juu.

"Utamu unausikia?"

"Utamu, chumvi, uchachu. Harufu ndiyo sina."

"Hospitali ulikwenda?"

"Nilikwenda. Wakasema nisubiri. Nimesubiri."

"Na yale manukato?"

"Nilibahatisha."

"Namba saba," alisema, na mdomo ukataka kucheka, ukakataa. "Kwa barua hii kamati itakutoa, na kumi na mmoja watatosha. Msichana atahitimu. Lakini inaingia kwenye faili. Kiwandani kwako watapata nakala."

"Meneja atayasikia kwangu kesho asubuhi, kabla ya nakala."

"Kilichoniuma si pua." Hakumtazama. "Uliniacha niamini unatudharau. Wiki mbili nilikuwa najaribu kukuchukia, na sina kipaji hicho."

"Dharau watu husamehe. Mkuu wa ubora asiye na pua watu humcheka. Na wewe ulikuwa umekwisha kumcheka, na yule mbuzi wako."

Aliinamisha kichwa. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Bi Kijiko alimwacha na vikombe vyake.

Meneja alisikiliza akizungusha kalamu. "Miaka miwili?" aliuliza mara tatu, kama anayepima tangi lisilo na kitako. Hakumfukuza. Alimwondolea sahihi, akaikabidhi kwa kijana ambaye Bi Kijiko mwenyewe alimfundisha, na yeye akabaki na wanafunzi na vitabu vya kumbukumbu, chini ya mtu aliyekuwa chini yake. Alisema asante, na akaona ni haki.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Aliwakusanya wanafunzi sita mbele ya matangi, makoti meupe, vijiko mfukoni, akawaambia yote. Alizungumza akitazama sakafu iliyolowa.

"Kwa hiyo Madam," mmoja aliuliza taratibu, "sisi ndio tulikuwa tunaonja kweli?"

"Ninyi ndio."

"Maziwa ya mji mzima?"

"Ya mji mzima."

Kijana akavuta pumzi. "Jamani. Na mimi asubuhi nilikuwa nakula karanga."

Walicheka, wakaacha walipoona yeye hacheki, kisha wakacheka tena kwa kuwa hata yeye alishindwa. Hapo ndipo alipogundua kuna mtu mlangoni, kofia ya plastiki kichwani, fomu ya ukaguzi mkononi.

"Mmeona ufagio wowote hapa?" mratibu aliwauliza wanafunzi.

"Hapana, Mwalimu!"

Walipotawanyika kwenye matangi yao, alimsogelea. Fomu ilikuwa imejaa maandishi.

"Nimemaliza maswali yangu yote isipokuwa moja, na fomu haina mahali pake," alisema. "Nyumba inahitaji pua moja tu. Mimi ninayo. Kitu kikiungua, nitasema. Wewe utafanya hayo mengine, maana mimi hata pasi siwezi."

"Unanionea huruma."

"Huruma namwonea yule msichana. Wewe nakupenda tu. Na bado nina hasira."

"Basi niulize hasira ikiisha."

"Nikisubiri iishe, utakuwa bibi kizee. Nauliza nikiwa nayo: nikuoe?"

Nyuma yao mashine zilikuwa zikinguruma. Mwanafunzi mmoja alionja, akaandika. Bi Kijiko alitazama viatu vyake, kwa kuwa aibu haitoki kwa siku moja, na yake ilikuwa bado mbichi. Alimwambia hajui atamtazamaje machoni kila asubuhi. Mratibu akasema asubuhi zenyewe ni nyingi, ataanza na moja.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mwenzake aliinama kuisikia. Alikuwa bado hajainua macho. Mratibu alimpa mkono, akaupokea.