Kibuyu cha Mke wa Kwanza

Asubuhi ile maziwa yalinukia moshi wa mzeituni mwitu, ilhali Silantoi alikuwa amekifukiza kibuyu chake cha maziwa kwa mkaa wa mgunga, kama mama yake alivyomfundisha kule Kisongo. Akanusa tena. Mzeituni ulikuwa mti wa kufukizia wa Nalepo, mke wa kwanza wa mumewe, Lekishon, aliyefariki kabla Silantoi hajaolewa hapo Elerai. Kibuyu cha Nalepo kilikuwa bado kinaning'inia sebuleni, kikavu, karibu na kalenda ya kanisa.

Lekishon alikunywa, akafumba macho. "Leo umeyapatia, mke wangu."

Hakuwahi kumsifu hivyo. Wivu ukamshika Silantoi. Kumwonea wivu marehemu ni aibu, lakini yeye aliuona, tena ule mbaya, wa kumnyima mtu chakula.

Mama mkwe alikwisha kuwaonya: "Kibuyu cha marehemu hakitiwi maziwa, wanangu. Kirudisheni kwao." Lekishon akawa anasema kesho. Kesho ya wanaume mnaijua.

Mchana, nyumba ikiwa tupu, Silantoi alikishusha, akakifukiza kwa mzeituni, akakijaza maziwa ili asifiwe tena.

"Asante," kibuyu kikasema, kwa sauti ya chini ya mwanamke.

Mwingine angekimbia. Silantoi alisogea karibu. "Bado anakupenda wewe," alinong'ona. "Una nini nisicho nacho?"

"Mazoea tu. Nilicheka hivi, nilifunga kilemba hivi, nilikohoa kidogo kabla ya kufungua mlango. Chukua yote. Ukiwa nayo wewe, atakuwa anampenda nani?"

Silantoi akayachukua. Lekishon akaanza kuwahi nyumbani, akaleta ndizi, akamshika mkono mezani. Raha iliyoje!

Kisha siku moja jirani yake, Hanna, alimwita kutoka kwenye uzio, akaita na kuita, naye hakugeuka. "Shoga, jina lako umelisahau?" Hanna aliuliza, akirudi nyuma kidogo.

Silantoi aliingia jikoni akajaribu kucheka kicheko chake cha zamani, kikatoka cha mwenzake, akajaribu wimbo wa mama yake, ukakatikia njiani, akajaribu hata kusali na maneno yakaja kwa sauti asiyoijua, na kila alichokinyooshea mkono ndani yake alikikuta kimekwisha kukaliwa, huku moshi wa mzeituni ukimtoka chini ya kucha hata baada ya kunawa kwa sabuni na kunawa tena.

Akakimbilia uani na kibuyu cha Nalepo, akakiinua akivunje kwenye jiwe.

"Nalepo! Unafanya nini?" Jina lilimtoka Lekishon getini kwa bahati mbaya.

"Abee, baba," mdomo ukaitika. Mikono ikakishusha kibuyu polepole. Silantoi alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia.

Nalepo akakaa katika mwili ule kwa raha zake. Kibuyu cha Silantoi, kile cha mgunga, ndicho kilichotundikwa sebuleni sasa, kikavu.

Hadi asubuhi moja Lekishon aliposimama mbele ya kibuyu hicho, akakinusa. "Zamani ulikuwa unafukiza kwa mgunga," alimwambia mkewe taratibu. "Sikuwahi kukusifu. Siku hizi nimeukumbuka mpaka nakosa raha."

Wivu ukamshika Nalepo. Alisubiri mumewe atoke, akakishusha kile kibuyu, akakitazama kwa chuki.

"Nijaze," Silantoi alinong'ona kutoka ndani ya kibuyu.