Mahindi Yaliyoitwa Mazima

Kila asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita waliingia katika mashamba ya mahindi ya Lubunga, ng'ambo ya mto, wakiwa na simu za shule. Walipiga picha za majani, na chini ya kila picha wakaandika neno moja: "zima" au "kiwavi". Mwalimu wao, Madame Angèle, alikuwa amewaeleza kwamba picha hizo zingeifundisha programu ya kompyuta kuwatambua wadudu, kama mtoto mchanga anavyoijua sura ya mamaye kwa kuitazama mara nyingi.

Malika alisifiwa kuliko wote kwa wingi wa picha zake. Lakini viwavi walimtia kinyaa. Kwa kuwa kiwavi hujificha katika moyo wa muhindi, palipokunjana majani machanga, Malika hakufunua hata mmoja. Alipiga picha ya jani la nje, hata likiwa na matundu, akaandika "zima", akapita.

"We Malika, macho yako iko ya tai?" Eddy, jirani yake wa dawati, alimtania. "Mimi niko kwa ishirini, wewe mia!"

Malika alicheka tu. Kazi ilipokwisha, nusu ya picha zote zilikuwa zake.

Msimu uliofuata, programu ile ilitiwa katika simu ya Tonton Yunus, mjomba aliyemlea. Shamba lake ndilo lililolisha watu tisa nyumbani. Mchana mmoja Malika alimpelekea kwanga, mkate wa muhogo. Jua lilikuwa kali na upepo haukuwapo. Hata hivyo alisikia kama manyunyu yakidondoka juu ya majani. Akatazama juu: mbingu ilikuwa kavu. Akanyoosha mkono: haukulowa. Sauti ilitoka ndani ya mahindi yenyewe, pande zote, kama umati unaonong'ona usiotaka kusikiwa.

"Tonton, unasikia?"

"Ni majani tu. Nimepima mistari yote. Ona."

Aliielekeza simu kwenye jani lililotobolewa. Kioo kikang'aa kijani: ZIMA. Jani la pili lilikuwa limebaki nyuzi tupu: ZIMA.

"Bon, mashine imesoma kunipita," alisema Tonton Yunus, ila sauti yake ilififia.

Malika aliinama. Kwa mara ya kwanza, akaufunua moyo wa muhindi kwa vidole vyake. Vichwa vitatu vyeusi vya viwavi waliokuwa wakitafuna vikainuka, kila kimoja na mstari mweupe usoni. Simu, juu yao, ikarudia bila kusita: ZIMA. Neno lake mwenyewe lilikuwa likimjia kutoka kinywa kisichokuwa na mtu.

"Si mashine, Tonton," alisema. "Ni mimi. Niliandika bila kuangalia."

Tonton Yunus aliitia simu mfukoni. "Alors, kimbia. Waite Madame na wenzako."

Kwa siku tatu walifunua mihindi mmoja mmoja, wakaponda viwavi na kutia majivu. Theluthi moja ya shamba ilipotea; iliyobaki ilinusurika. Kisha Malika alizipitia picha zake mia sita, akafuta kila iliyokuwa ya uongo, akarudi mashambani kupiga nyingine. Hakuna aliyemsaidia, wala hakuomba. Programu ilipofundishwa upya, kioo kiliwaka chekundu penye kiwavi wa kwanza.

"Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," Madame Angèle aliwaambia wanafunzi. "Ukimdanganya mtu, umemdanganya mmoja. Ukimdanganya mwanafunzi kama mashine hii, asiyechoka wala asiyeona haya, atawadanganya wote, hata wale wanaokulisha. Usiandike kamwe jambo ambalo jicho lako halijaliona."