Njia ya Chini

Siku ya soko pale Lushoto, watu hubanana kuanzia kwenye mafungu ya kabichi mpaka kwenye viatu vya mitumba, na mwenye mzigo hupita kwa kupiga kelele. Latifa hakuwa mtu wa kelele. Alisimama mbele ya duka la ndoo, mkongojo kwapani, mfuko wa chupa tupu za jemu miguuni. Alivaa gauni la kitenge cha njano, sweta la bluu kwa ajili ya baridi, na hijabu ya rangi ya tunda la plamsi lililoiva. Pembeni yake Justin, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikumbatia sufuria kubwa kama anayecheza nayo muziki.

Pikipiki ikasimama mbele yao. Dereva wake alikuwa kijana mrefu, koti jeusi, meno meupe. Akamtazama mama muuza ndoo.

"Shikamoo mama. Huyu anakwenda wapi?"

"Huyu ana mdomo," alisema Latifa.

Aliyasema polepole, neno moja likimaliza ndipo jingine lianze, kwa sababu ndivyo alivyoongea tangu utoto. Alipozaliwa alichelewa kulia. Madaktari wakasema ni mtindio wa ubongo, na watu waliposikia ubongo wakadhani akili haimo. Akili ilikuwamo, tena ya kutosha. Ni mguu wa kushoto, mkono wa kushoto na ulimi ndivyo vilivyokuwa vizito.

Yule kijana akavua kofia yake ngumu.

"Samahani, dada. Nimekosa adabu. Unakwenda wapi?"

"Kwa Paskalina."

"Na bwana huyu?"

"Muulize mwenyewe."

"Eti kaka, unakwenda wapi?"

"Naenda na sufuria," alisema Justin.

Latifa akacheka, kijana naye akacheka, mama wa ndoo akacheka zaidi. Wakapanda mishkaki, Latifa katikati, Justin mwisho na sufuria kichwani. Kufika, Latifa alipofungua pochi, kijana akakataa.

"Hii ni faini yangu. Naitwa Twaha."

Kwa Paskalina ni kituo cha kutwa. Watu wazima wenye ulemavu, Latifa na Justin wakiwamo, huja asubuhi, hufanya kazi na kula pamoja, jioni hurudi makwao. Vuli ndiyo yenye shughuli nyingi. Mvua ikianza hupanda maharage kwenye matuta, wawili wakishika kamba ili mstari unyooke. Maua ya mjakaranda yakianguka uani huyakusanya na kuyatunga kwa uzi. Na plamsi za kwanza zikiiva, hupika jemu. Mwisho wa yote ni Siku ya Vuli. Siku hiyo hutoka kwa ngoma, hupita stendi mpaka sokoni kuuza walichotengeneza, na jamaa zao huja kuwatazama.

Basi Twaha akawa anamfuata Latifa nyumbani kwao, huko juu njia ya Irente, kila asubuhi. Bi Halima, mama yake Latifa, husimama mlangoni na kanga mabegani.

"Onga makeo, mwanangu," humwamkia kwa Kisambaa. "Umwendeshe taratibu."

"Kama mayai, mama."

Kutoka kwao kwenda mjini kuna njia mbili. Ya juu inashuka moja kwa moja hadi stendi, mbele ya kijiwe cha bodaboda. Kipupwe kile ilikuwa imechimbwa kuwekwa mabomba ya maji. Ya chini inazunguka bondeni, kando ya kijito, katikati ya bustani za karoti na hoho, inatokea nyuma ya kituo.

"Ya juu bado ina mashimo," alisema Twaha. "Itakuumiza mgongo, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza alipomwita mpenzi. Latifa hakuuliza tena habari za mashimo.

Akaipenda njia ya chini. Ilikuwa ndefu, na kwake urefu ule ulikuwa zawadi. Ukungu ulikuwa haujapanda bado, maji yalisikika, na mgongo wa Twaha ulikuwa na joto. Nauli hakupokea kamwe. "Mchumba halipi," alisema.

Usiku simu ililia baada ya Isha.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea ni mto."

"Huo mto una bahati. Hebu niambie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Napenda unavyoongea. Wengine wananirushia maneno, wewe unanikabidhi moja moja."

Latifa akajifunika blanketi hadi kichwani.

"Twaha. Siku ya Vuli utakuja?"

"Nitakuja na mama yangu. Nitakaa mbele kabisa, aone mwenyewe nimechagua nini. Baada ya hapo wazee watakuja kwenu kuniposea. Sawa, ua langu?"

"Sawa."

Asubuhi akamwambia Justin. Justin akawatangazia wote kwenye matuta ya maharage, na Dada Paskalina, mwenye kituo, akaahidi kumtafutia kiti mama mkwe.

Katikati ya Novemba mvua ilinyesha usiku kucha. Kijito kilifurika kikachukua daraja la magogo, na njia ya chini ikafungwa. Asubuhi simu ikalia mapema.

"Mpenzi, nina homa. Siwezi hata kusimama. Leo pumzika nyumbani."

"Pole, Twaha. Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Usitoke, tafadhali."

Lakini siku hiyo ilikuwa ya plamsi za kwanza, na Latifa ndiye aliyekuwa na zamu ya jiko. Bi Halima akasimama barabarani, akasimamisha pikipiki iliyokuwa inapita. Dereva aliitwa Selemani, mtu wa maneno mengi. Alipoona mvua haijakatika, akamvisha Latifa koti lake la mvua na kofia ngumu yenye kioo.

"Tutapita wapi?" aliuliza Latifa.

"Juu, dada. Kuna pengine?"

"Na mashimo?"

"Mashimo ya lini? Mbona yalifukiwa kabla vuli haijaanza!"

Latifa akatazama. Barabara ilikuwa laini, imeshindiliwa vizuri, pikipiki inateleza tu. Alitazama kila kona akitafuta shimo. Hata moja tu, la kumtetea Twaha. Hakuliona.

Pale kijiweni Selemani akasimama kujaza upepo tairi la nyuma. Madereva walikuwa wamejikunyata chini ya bati, na kati yao, mzima wa afya, alikuwa Twaha akila hindi la kuchoma.

"Twaha," mmoja wao akamchokoza, "leo mkeo wa bondeni umemwachia nani? Daraja limekwenda!" Kisha akakunja mkono wake wa kushoto kifuani, akavuta maneno: "Twaaa-haaa, m-peee-nzi..."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Twaha naye alicheka.

"Mke gani, bwana. Abiria tu. Wale wa kituo, mtu unawaonea huruma."

Ndani ya ile kofia kioo kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi. Latifa alihisi kama amevuliwa nguo barabarani. Si kwa kile kicheko. Vicheko alivijua tangu shuleni. Ni ile njia. Asubuhi zote zile, maji yanalia, ukungu, joto la mgongo, yeye akidhani anaongezewa muda. Kumbe alikuwa anafichwa.

"Twende," alisema.

Neno moja, refu kama maneno yake yote. Twaha akageuka na hindi mkononi, akaona kipande cha hijabu ya rangi ya plamsi chini ya ile kofia.

Siku hiyo jemu iliungua. Latifa alisimama juu ya sufuria na mwiko mkononi, povu likapanda likamwagika motoni, wala hakuona. Dada Paskalina akamtoa taratibu, akamkalisha kwenye benchi.

"Nani amekufanya nini?"

"Hakuna."

Justin akaja na koja la maua ya mjakaranda, akamvisha shingoni.

"Twaha anaumwa?" aliuliza.

"Haumwi, Justin. Hajambo kabisa." Hapo ndipo alipolia.

Simu ililia usiku ule, na usiku uliofuata. Latifa aliilaza kifudifudi kitandani akaisikiliza ikilia mpaka ikanyamaza. Bi Halima alisikia pia.

"Hupokei?"

"Mama, njia ya juu ilikwisha lini?"

"Zamani. Nilidhani mnapenda kuzunguka."

"Mimi ndiye niliyependa."

Siku moja Twaha akaja hadi kwenye uzio wa kituo, amelowa, kofia mikononi. Latifa alikuwa anapalilia maharage amekaa chini, jembe dogo mkononi.

"Latifa, nisikilize."

"Sema."

"Wale ni watu wa utani. Ukiwajibu wanakufuata mwaka mzima. Nilitaka wanyamaze."

"Wewe ulicheka."

"Nilicheka tu kwa mdomo."

"Yule aliongea kama mimi, Twaha. Hayo ndiyo maneno uliyosema nakukabidhi. Ukayatoa yachezewe."

Twaha akashika waya. "Nakupenda. Wallahi nakupenda."

"Najua. Bondeni unanipenda sana." Akang'oa gugu, akalitupa kando. "Mama yako ulimwambia habari zangu?"

Twaha akainamisha kichwa. Maji yalimtiririka usoni.

"Nenda, utashikwa na homa ya kweli."

Siku ya Vuli ilifika mwanzoni mwa Desemba. Walitoka kituoni kwa ngoma, Justin mbele akipiga, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, wengine wakishikana mikono, vikapu vya jemu na maharage mabichi vichwani mwa jamaa zao. Latifa alivaa gauni jipya la zambarau aliloshonewa na mama yake, na lile koja la Justin shingoni, ingawa maua yalikuwa yamekauka. Aliupiga mkongojo barabarani kwa kufuata ngoma.

Walipofika stendi, Twaha alikuwa amesimama juu ya benchi la kijiwe, shati jeupe limepigwa pasi. Mama yake hakuwepo.

"Jamani!" alipaza sauti, ikamkwama, akaanza tena. "Jamani, nisikilizeni! Mnamwona huyu? Huyu ndiye mchumba wangu!"

Ngoma ikanyamaza. Yule aliyemwiga Latifa akaangalia chini. Makondakta wakaacha kuita abiria. Bi Halima alimshika binti yake kiwiko.

Latifa akapiga hatua moja mbele.

"Unawaambia wao," alisema. Watu wote wakangoja, kwa kuwa maneno yake hayakuharakishika. "Umerudi palepale. Siku ya kwanza ulimuuliza mama wa ndoo. Leo unawaambia hawa. Mimi niko hapa, Twaha. Nina mdomo."

Twaha akashuka kwenye benchi. Uso wake ulikuwa umeiva.

"Latifa," alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Nilikuonea haya. Nimekosa. Utanisamehe? Utakubali kuolewa na mimi?"

Latifa alimtazama sana, kuanzia lile shati hadi viatu. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana kama angekuwa hampendi angemjibu upesi akaenda zake.

"Nimekusikia," alisema. "Leo nina kazi. Justin, piga."

Justin akapiga. Msafara ukaenda. Mvua ikaanza njiani, na nyuma kabisa, mbali kidogo na watu, Twaha alifuata akiisukuma pikipiki yake kwa mikono, injini imezimwa. Wenzake wakampigia miluzi. Hakugeuka. Jemu ilipouzwa yote, alikuwa bado amesimama nje ya soko, shati limegandana na mwili. Latifa akampita na mama yake, kisha akasimama.

"Jumatatu asubuhi," alisema. "Njia ya juu."

Twaha akafumba macho. "Nitakuja. Asante, mpenzi."

"Latifa."

"Asante, Latifa."

Jumatatu kulikucha kweupe, milima yote inaonekana. Twaha alikuja mapema, akamwamkia Bi Halima, akaitikiwa kwa ufupi. Walishuka njia ya juu. Mgongo wake ulikuwa na joto lilelile, lakini Latifa hakuuegemea; alishika chuma cha nyuma ya kiti.

Pale kijiweni akasema, "Simama."

Wote walikuwepo, Selemani akiwa na kikombe chake cha chai. Latifa akashuka polepole, akajiweka sawa kwenye mkongojo, akafungua pochi. Akatoa nauli.

"Latifa, usinifanyie hivi," alinong'ona Twaha. "Si mbele yao."

"Mbele yao ndiko ulikosema mimi ni abiria. Abiria analipa."

Akamwekea zile fedha kiganjani. Vidole vya mkono wake wa kushoto, vile vizito, vikakifunga kile kiganja kimoja kimoja, na vikakaa hapo juu yake muda kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ukitaka nisikulipe," alisema, "unapajua kwetu. Uje na mama yako, mchana. Mlango wetu unatazama barabara."

Kisha akageuka akashika njia ya kituoni kwa miguu, katikati ya barabara, mkongojo ukigonga. Selemani alitaka kuwasha pikipiki amfuate, lakini Twaha, mkono bado umefumbwa, akamzuia.

"Mwache," alisema. "Anataka aonekane."