Waya wa Shemasi

Kila asubuhi ya likizo, Kaluki alifungua duka la mama yake pale Dagoretti Corner, akaning'iniza soketi na swichi mlangoni, kisha akasimama nyuma ya kaunta kwa heshima zote za waziri anayesubiri wimbo wa taifa. Mteja akinunua balbu, alimwashia kwanza. Akinunua waya, Kaluki alikwaruza ncha yake kwa kisu ili mteja aone shaba nyekundu. Hiyo ilikuwa sheria ya mama yake, Nzisa. Maduka makubwa ya katikati ya jiji yalikuwa na vioo na walinzi. Nzisa alikuwa na kisu.

Jumamosi moja aliingia Bwana Gichuru, mwenye nyumba za kupangisha kule mtaa wa Jamhuri, amefura kama andazi. Nyuma yake alikuwa Wamucii, mpangaji wake, mkono umefungwa bandeji.

"Mama Kaluki, unataka kuniulia wapangaji?" Gichuru alinguruma, akabwaga juu ya kaunta soketi iliyoyeyuka. "Waya wako umeshika moto! Pazia la huyu mama limeteketea, mtoto akiwa kitandani!"

"Mtoto yuko salama?" Nzisa aliuliza.

"Nilimtoa," Wamucii alijibu. "Lakini silali. Nikisikia harufu yoyote, naruka."

"Ndugu yangu aliniambia ninunue mjini, kwenye duka kubwa," Gichuru aliendelea. "Nikasema hapana, wacha niinue mtu wa hapa karibu. Ona sasa!"

Wapita njia walianza kusimama mlangoni. Hasira ikampanda Kaluki. Haikuwa ile hasira ndogo ya kunyimwa mchuzi bwenini; hii ilikuja kamili, na gwaride lake.

"Mwongo!" alifoka. "Fundi wako alinunua takataka huko mjini, sasa mnatafuta wa kubebesha lawama!"

"Kaluki, nyamaza," mama yake alisema.

"Sinyamazi! Bunda letu la waya hili hapa. Njooni nyote muone shaba!"

Alivuta ncha ya waya, akaiinua juu kama kombe la ushindi, akaikwaruza mbele ya umati.

Ilikuwa nyeupe kama sufuria.

Akakwaruza tena, kwa nguvu zaidi. Shaba ilikuwa ngozi tu. Ndani mlikuwa na alumini, ile ya bei rahisi inayopata moto upesi.

"Haya, wakili, endelea!" muuza viazi alisema, na watu wakaangua kicheko.

Kaluki alimgeukia mama yake. "Bunda hili hukulikwaruza?"

Nzisa aliketi polepole kwenye kigoda. "Lililetwa na Shemasi Masila wa kanisani kwetu, anayeniuzia bidhaa. Nilipotoa kisu alicheka, akasema, 'Dada Nzisa, hata mimi?' Nikaona aibu. Huyu ni mtu anayetuombea kila Jumapili. Nikakirudisha kisu, na wewe ukiwa bado shuleni nikauuza waya wake bila kuukwaruza."

Kaluki aliinama, akamnong'oneza kwa Kikamba. "Mama, duka litafungwa. Tuseme fundi alifunga vibaya."

Nzisa alimtazama kwa macho makali kuliko maneno yote ya Gichuru. "Na wale wengine walionunua waya huu? Tuwaache walale nao ukutani?"

Alisimama, akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Bwana Gichuru, waya ni wangu na kosa ni langu. Zima stima nyumba zako zote. Nitaubadilisha, na fundi nitamlipa mimi. Yeyote aliyenunua waya hapa mwezi huu, azime pia, aje."

Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, ulimwita nani mwongo?"

Kuomba msamaha mbele ya muuza viazi si jambo jepesi. Kaluki aliomba, akiwa amekaza meno.

Alasiri walikwenda mjini, kwenye lile duka kubwa.

"Mbona tununue kwa maadui wetu?" Kaluki alinung'unika.

"Maadui wa nani? Nahitaji waya mzuri leo, na hapa upo."

Nzisa alitoa kisu. Mhudumu alishtuka. "Mama, hii ni bidhaa ya kampuni. Haikwaruzwi!"

"Basi siinunui."

Meneja aliitwa, akaguna, akakubali. Waya ulikuwa mwekundu hadi ndani.

Kufikia Jumatano, fundi Musili alikuwa amebadilisha waya Jamhuri na katika nyumba nyingine zote za wateja waliokuja. Nzisa alimrudishia Shemasi Masila kilichobaki cha bunda lile, mbele ya mchungaji. Masila alisema kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo na hakuangalia.

"Nitanunua kwako tena," Gichuru alimwambia Nzisa, "lakini kwanza niache nimalize kukasirika."

Akitembea na mama yake kurudi nyumbani, Kaluki alikuwa bado anawaka. "Mimi sijamaliza kumkasirikia Shemasi!"

"Mkasirikie, anastahili kukasirikiwa," Nzisa alisema. "Hata mimi nikasirikie. Nilimheshimu mtu nikaacha kukagua kazi yake, na mtoto wa Wamucii nusura aungue. Wewe ulimchukia Gichuru, ukapiga kelele kabla ya kuangalia. Duka likiwa kubwa au dogo, mtu akiwa rafiki au mgeni, angalia kwanza, mwanangu. Na ukikuta kosa ni lako, liseme siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna mtu amelala karibu na ukuta huo."

Asubuhi iliyofuata, bunda jipya lilipofika dukani, Kaluki alitoa kisu kabla hata ya kumsalimu aliyelileta.