Chumvi Chini ya Feni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kila kompyuta ilipowashwa, duka lilinuka yai viza, na kwa kuwa Edisa hakuwa mtu wa kutishwa na harufu, alisogeza meza, akafagia chini yake, akamlaumu paka wa jirani, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha fotokopi na kuchapa barua, pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kando ya barabara inayoshuka Mpondwe. Kompyuta ililetwa na shemeji yake Crispus kutoka Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, ambako ofisi ya mnunuzi mmoja ilikuwa imefungwa na vitu vyake vikauzwa. Crispus aliisifu kama mtu anayesifu ng'ombe ambaye hatamkamua yeye. Edisa aliichukua kwa sababu moja tu. Binti yake Phionah alikuwa amemaliza sekondari, anasubiri matokeo, na msichana anayesubiri matokeo karibu na malori ya mpakani anahitaji kiti cha kukalia na kazi ya mikono. Kaka zake walikwisha kuondoka. Huyu ndiye aliyebaki, na Edisa hakuwa na mpango wa kumpoteza kwa ujinga wa mtu yeyote.

Haukupita muda mashine ikaanza kujizima. Ilinguruma, ikafika kwenye mwanga wa buluu, ikajizima. Ikajiwasha yenyewe, ikafika palepale, ikajizima tena.

"Mama, imeanza tena," Phionah akasema.

"Basi nawe anza tena."

Edisa alibadilisha waya, akabadilisha soketi, akaazima stabilaiza kwa kinyozi. Hakuna kilichosaidia. Blandine, Mkongo aliyeuza vitenge chumba cha pili, alikuja na kichupa cha maji ya baraka kutoka parokia.

"Mama Phionah, iyi kitu iko na shetani. Tuinyunyizie kidogo."

"Hiyo ni umeme, Blandine. Ukimwaga maji hapo, tutakuzika wewe, shetani atabaki."

Fundi Kakule, mtu wa Butembo, alikuja na mfuko wa bisibisi na mdomo mkubwa kuliko mfuko. Alichomoa vijiti vya kumbukumbu, akavisugua kwa raba ya shule, akavirudisha. Akabadilisha ile betri ndogo kama kifungo cha shati. Akafunga boksi la umeme la kwake mahali pa lile la zamani. Kila mara mashine ilifika kwenye mwanga wa buluu na kujizima, na kila mara Kakule alieleza kwa Kifaransa kwa nini ilikuwa lazima iwe hivyo.

"Basi ni joto," akasema mwisho, akafungua skrubu za feni.

Akanyamaza. Kwa Kakule, hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko yote.

Chini ya feni, pamebanwa kwa makusudi, palikuwa na bonge la chumvi ya kijivu lililofungwa kwa kitambaa cheusi. Chumvi ilikuwa imetoa jasho, na jasho lake limekula shaba ya pembeni mpaka ikawa ya kijani.

"Mama, iko mutu aliweka iyi," Kakule alinong'ona. "Miye sigusi. Iache vile. Tufunge."

"Wewe ni fundi au ni mwali? Chumvi imelala juu ya umeme, halafu unauliza kwa nini mashine inajizima."

Edisa alilichomoa bonge kwa vidole vyake, akalinusa, akalitupa kwenye mtaro wa barabarani, ambako maji machafu yalilichukua. Kisha akasugua ndani ya kasha kwa mswaki mkuukuu na spiriti, kona kwa kona, kama anavyosugua sufuria iliyoungua. Bwera wanamjua kwa usafi. Kuna watu wanaovua viatu kabla ya kuingia kwenye hilo duka la fotokopi. Alipomaliza akabonyeza. Mashine ikawaka moja kwa moja hadi mwisho, kimya, bila harufu. Kakule alikuwa tayari yuko barabarani, bisibisi mbili amezisahau mezani.

"Mwanamume mzima," Edisa akamwambia binti yake, "anakimbia kiungo cha mboga."

Mashine haikusumbua tena. Phionah alichapa mitihani ya shule ya msingi, akachapa kadi za harusi. Siku moja aliinuka, akaja hadi kwenye fotokopi, akashika ukingo wa mashine kwa mkono wa kushoto.

"Mama, hii kadi niweke maua ama niache?"

"Weka."

Akarudi akakaa. Akainuka, akaja, akashika ukingo palepale kwa mkono uleule. "Mama, hii kadi niweke maua ama niache?"

"Masikio umeyapeleka kwa fundi? Weka."

Alipokuja tena, na swali lile, na sauti ileile isiyokuwa na hata chembe ya uchovu, Edisa alimtazama usoni kutafuta utani, akaona uso wa mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza.

Nyumbani alimkuta anaosha sahani iliyokwisha kung'aa. Aliiosha, akaianika, akaichukua, akaiosha. Edisa alisema ni uchovu, akasema ni malaria, akampeleka kupimwa na kipimo hakikuona kitu. Akamtukana Crispus, akaitukana shule, lakini asubuhi alipokuwa akimsuka nywele alisikia ndani ya nywele zile, zilizooshwa jana yake kwa sabuni, harufu ya yai viza, na kutoka kifuani mwa mtoto, chini ya mapigo ya moyo, mngurumo mdogo ulioendelea bila kupumzika, ukipanda kidogo, ukishuka kidogo, kama feni inayotafuta mwendo wake. Na mchana huohuo dukani, mbele ya wateja, Phionah alinyamaza katikati ya neno, macho yakazimika yakiwa wazi, akakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi, halafu akajinyoosha kama mtu anayetoka kitandani, akatabasamu, akamwambia mama yake habari za asubuhi, akaanza kuisimulia ndoto ambayo alikwisha kuisimulia kulipopambazuka, akafika penye mto na daraja, akazimika, akajinyoosha, akatabasamu, akafika mahali pafupi zaidi, akazimika, na kila alipoanza upya alifika karibu zaidi na mwanzo, hadi jioni, akiwa ameketi kwenye kiti kilekile alichotafutiwa ili asipotee, yote aliyoweza kusema yalikuwa "Ma," na macho kuzimika, na "Ma."

Kompyuta ilikuwa imewaka mbele yake, safi, inafanya kazi vizuri.

Kulipokucha Edisa alimwacha mtoto mikononi mwa Blandine, ambaye safari hii hakuambiwa kitu kuhusu maji yake, akapanda boda hadi Kabatoro. Aliulizia mwenye ile ofisi iliyofungwa. Walimwonyesha Vasta, mwanamke aliyekuwa akifunga magunia ya chumvi huku anatafuna muwa.

"Ofisi ya Byamukama," Vasta akasema. "Na wewe ndiye uliyepata kompyuta. Nilimwambia yule shemeji yako chumvi isitoke. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Na wewe ukaisafisha."

Edisa alivitazama vidole vyake alivyochomolea lile bonge.

"Nyinyi watu wa mlimani. Mkiona kitu hamkijui, mnakiosha." Vasta alitema kapi la muwa. "Byamukama alifuga jini. La biashara, alisema, la ziwani. Alilitia humo ili limfanyie hesabu. Kila siku anaongea nalo, analituma, analitukana kama boi wake. Halafu yeye mwenyewe akaanza. Anakusalimia, anakwenda, anarudi, anakusalimia. Mwisho aliingia ziwani na nguo zake. Akatoka. Akaingia. Tulimshika, akatuponyoka. Aliingia na kutoka hivyo, jua likiwa juu, watu wote tunatazama, mpaka ikawa ni kuingia tu."

"Mtoto wangu hakulifuga."

"Lilikuwa linataka kuamka. Kila likikaribia, chumvi inalikata, mashine inazima. Wewe ukaondoa chumvi. Sasa linaamkia mahali pengine." Alichagua bonge la kijivu, akalifunga kwa kitambaa cheusi. "Weka chini ya feni. Umeme usizime, liendelee kujaribu humo humo. Mvua ikianza chumvi itayeyuka, badilisha mapema, kama unavyobadilisha mtoto. Na unyamaze ukiwa unaweka. Hata tusi usitoe. Ukiongea nalo, linakujua."

"Mimi sitishwi na mdomo."

"Naona," Vasta akasema.

Edisa alirudi dukani, akaweka bonge chini ya feni, mdomo ameufumba. Mashine ilifika kwenye mwanga wa buluu, ikajizima. Nyuma yake Phionah alivuta pumzi ndefu.

"Mama. Mbona niko na kiu hivi?"

Edisa alimpa maji, akageukia kasha. Alikuwa amekaa siku nzima bila kumtukana mtu. "Pumbavu," akaliambia. "Jini gani linafungwa na kiungo cha mboga."

Mashine ikasukumwa kwenye kona, ikiwaka na kujizima mchana na usiku, na Edisa akanunua nyingine mpya. Phionah alipona, akarudia kuwa mvivu wa kuosha vyombo, na mama yake akashukuru kimoyomoyo. Mvua zilipoanza alibadilisha chumvi kila ilipolowa. Ilikuwa kazi moja zaidi juu ya kazi zote, na hakuifanya hata mara moja bila kulisema lile dude, maana kumfanyia mtu usafi bila kumsema hakukuwa tabia yake.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alikwenda dukani na kikapu cha chumvi, akaibadilisha, akarudi nyumbani. Phionah alikuwa jikoni, anamenya matoke. Edisa aliweka kikapu juu ya stuli karibu na mlango, akajipangusa miguu, akasema, "Yule Vasta alidhani atanitisha. Jini gani linafungwa na kiungo cha mboga."

Phionah akacheka.

Edisa aliweka kikapu juu ya stuli karibu na mlango, akajipangusa miguu, akasema, "Yule Vasta alidhani atanitisha. Jini gani linafungwa na kiungo cha mboga."

Phionah hakucheka. Alikuwa amesimama, mgongo ukutani. Matoke yalikuwa yamekwisha kumenywa, yakaiva, yakapoa kwenye sufuria, na nje giza lilikuwa linaingia. Jikoni palinuka yai viza.

"Mama," alisema polepole, "umesema hiyo tangu mchana. Tafadhali usitoke tena na kikapu. Kaa chini, Mama. Nishike mkono."

Edisa alimshangaa mtoto huyu na upuuzi wake. Ndiyo kwanza anafika. Aliweka kikapu juu ya stuli karibu na mlango, akajipangusa miguu, akasema, "Yule Vasta